Mpaka Uliochorwa Kabla ya Kupimwa

Kusini-mashariki mwa Lubumbashi, ulimi wa ardhi ya Kongo umeingia ndani ya Zambia, karibu kuikata vipande viwili. Msafiri wa Zambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia ya mkato hupita Mokambo, anavuka nchi ya watu, kisha anarudi kwao Chembe.

Ulimi huo ulizaliwa mezani. Tarehe 12 Mei 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Pili, mtawala wa Kongo, walikubaliana kwamba mpaka upande mto Luapula hadi unapotoka ziwa Bangweulu, ushuke kusini kwa mstari ulionyooka, kisha ufuate mgongo unaotenga maji ya Kongo na ya Zambezi. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini Bangweulu limezungukwa na mabwawa mapana, na hakuna mlango mmoja ambapo mtu angesema, mto unaanzia hapa.

Mgongo wa maji nao ulikuwa na hila yake. Uwanda wa Katanga, upande wa Kongo, ni tambarare mno: penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 500, ukikosea kimo kwa mita moja, mstari unahama nusu kilomita. Wapimaji walifika 1911, wakati reli kutoka Rhodesia ilikuwa imeshaingia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Waliweka nguzo hadi 1914. Tume nyingine ikarudi kati ya 1927 na 1933 kuziongeza, kwa sababu kati ya nguzo mbili zilizo mbali kila mtu alikisia mpindo wake. Si jambo dogo, maana mgodi wa Kipushi uko ubavuni mwa mpaka huo.

Wanaokokotoa mawimbi kwa kompyuta wanaijua shida hii ya mpindo unaokisiwa: ukingo uliopinda ukichorwa kwa vipande vichache vilivyonyooka, wimbi hurudi na mwangwi ambao haupo, hata kama fomula ni sahihi.

Katanga iliongeza fundo lingine. Mfumo wake wa ramani wa 1955, ulioanzia Tshinsenda, ulitumia umbo la dunia la Mwingereza Alexander Ross Clarke la 1866. Zambia ikatumia umbo la Clarke huyohuyo, ila la 1880, ambalo nusu-kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kwa mita 43 hivi. Kwa hiyo kilima kimoja cha mpakani kina namba za mahali za aina mbili, na mpimaji wa Kasumbalesa anayepokea ramani ya jirani huuliza kwanza ni Clarke wa mwaka gani.