Aliyenyimwa cheti akatuachia hesabu ya joto

Wandugu, katika kikundi chetu cha hesabu tulikwama wiki mbili kwenye teoremu ya divejensi. Alama tulizikariri, lakini maana yake hatukuiona. Basi tukatafuta nani aliithibitisha kwanza.

Kumbe ni Mikhail Ostrogradsky, aliyezaliwa 1801 upande wa Poltava, Ukraine ya leo. Alisoma Kharkiv na mitihani akafaulu, lakini wakubwa wakamnyima digrii kwa mambo ya dini na siasa, siyo ya hesabu. Mwaka 1822 akaenda Paris mikono mitupu, akawa anasikiliza masomo ya Cauchy na Fourier. Mwaka 1826 akapeleka uthibitisho wake kwenye Akademia ya huko, ndani ya kazi yake kuhusu joto. (Vitabu vingi vinamtaja Gauss tu. Sisi tunaona si haki.)

Na joto ndilo lililotufungua macho. Chukua nyumba yenye jiko la makaa katikati. Igawe kwa mawazo iwe visanduku vidogo sana. Divejensi inauliza kila kisanduku: joto linalotoka kwako linazidi linaloingia kwa kiasi gani? Penye makaa jibu ni kubwa. Kwingine, kama hali imetulia, jibu ni sifuri: linaloingia ndilo linalotoka.

Sasa jumlisha vyote. Joto linalotoka kisanduku hiki linaingia kwa jirani yake, huku tunaandika kuongeza, kule kutoa, vinafutana. Vinavyobaki ni kuta za nje, sakafu na paa, sababu hapo hakuna jirani wa kufuta. Yaani ukipima joto linalopita kwenye kuta zote, unajua jiko linatoa kiasi gani bila hata kufungua mlango!

Aliyetuchorea visanduku hivyo ubaoni ni dada mmoja wetu. Ana diploma ya nyumbani, ila huku karatasi yake haijakubaliwa, mwaka wa tatu sasa anangoja. Tulipomsomea habari za Kharkiv alicheka, akauliza: “Na yeye walimrudishia?”

Digrii, hatukuona mahali palipoandikwa. Ila mwaka 1828 Akademia ya Saint Petersburg ilimpokea, na 1831 ikachapisha teoremu yake.

Jumamosi tunaendelea na Gauss na chaji za umeme. Kuja na daftari.