Aliyekuja Kolo na futi kamba: historia ya mkadiria hasara

Ukuta wa nyuma wa duka la marehemu mjomba wangu pale Kolo umebomolewa. Kwa zaidi ya miaka 20 ulisimama kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, mweusi kwa masizi upande wa ndani, na watoto wa shule wakauchora majina yao. Sasa wajukuu wanataka kujenga fremu za kupangisha. Watalii wanaopita hapo kwenda kutazama michoro ya miambani, ile ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, hawakuwa na sababu ya kuutupia jicho.

Mimi nilikuwa nayo. Mbele ya ukuta huo, mwaka 2003, ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mkadiria hasara akiwa kazini. Alishuka kwenye gari lililojaa vumbi, maana lami ilikuwa bado haijafika, akiwa na futi kamba, kamera na jalada la kijani. Akapima sakafu. Akahesabu makopo ya maziwa ya unga yaliyovimba kwa moto. Akakanyaga sukari iliyoyeyuka na kugandana na saruji hadi ikawa kama lami. Mjomba alimfuata nyuma hatua kwa hatua, kofia mkononi, akiamini kwamba mgeni huyo ametumwa kumsaidia.

Mengi ninayoyajua kuhusu kazi ya yule mgeni nimeyapata kwa mzee mmoja wa Kondoa, aliyefanya kazi ya bima tangu miaka ya 1970 hadi alipostaafu. Mengine nimeyasoma kwenye sheria zenyewe. Mzee ana msimamo wake, na nakiri kwamba umeniingia: kwake yeye, historia nzima ya bima ni historia ya swali moja, yaani nani anashika kalamu siku ya kuhesabu hasara, na mshahara wake unatoka kwa nani.

Kazi hii ilizaliwa baharini. Watu wa pwani wanalijua neno kutosa: chombo kikizidiwa na dhoruba, nahodha anaamuru shehena itoswe ili watu na chombo wapone. Sheria ya kale ya bahari, iliyopewa jina la kisiwa cha Rhodes, ilisema hasara ya mwenye mali iliyotoswa igawanywe kwa wote ambao mali zao ziliokoka. Hapo akahitajika mtu wa kukokotoa fungu la kila mmoja, asiyekuwa na shehena yake ndani ya chombo. Wakokotoaji hao waliunda chama chao Uingereza mwaka 1869. Upande wa nchi kavu, moto wa London wa mwaka 1666 uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000, na katika miaka ya 1680 Nicholas Barbon akawa miongoni mwa wa kwanza kuuza bima ya moto katika mji huo. Makampuni ya bima ya moto yalikuwa yakiwatuma mafundi ujenzi na wapimaji kwenda kutazama kilichoungua. Mwaka 1941, mabomu yakiwa bado yanaanguka, wakadiriaji wa hasara za moto wa Uingereza walianzisha chama chao, na mwaka 1961 kikapata hati ya kifalme.

Waingereza waliwatenganisha watu wawili ambao sisi huku tunawachanganya. Yupo anayeteuliwa na kulipwa na kampuni ya bima, akitakiwa kutenda haki kwa pande zote. Na yupo anayeajiriwa na mwenye mali aliyepata hasara, akaandae dai lake na kulisimamia mpaka mwisho. Marekani huyu wa pili ana leseni ya jimbo, na chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1951. Ujira wake kwa kawaida ni asilimia ya fidia, na sheria za majimbo kadhaa zinauwekea kikomo. Florida, nchi ya vimbunga, kikomo hicho kwa kawaida ni asilimia 20, na hushuka hadi 10 kwa madai yanayotokana na janga ambalo gavana ametangaza hali ya dharura.

Mzee hupenda kusimulia San Francisco kana kwamba alikuwepo. Aprili 18, 1906 ardhi ilitetemeka, kisha moto ukala mji kwa siku kadhaa. Hati nyingi za bima zilikinga moto lakini hazikukinga tetemeko. Basi ugomvi ukawa: nyumba hii ilianguka kwanza ndipo ikaungua, au iliungua ikiwa imesimama? Nani wa kuthibitisha, na yote yamekuwa jivu? Yako makampuni yaliyolipa kila senti. Yako yaliyowapa wenye mali senti 75 kwa kila dola na kuwaambia wachukue au waache. Mengine yaligoma kabisa. Mwenye nyumba aliyekuwa na mtu wa kumtetea hesabu alisimama mahali tofauti na jirani yake asiyekuwa naye.

Kwetu bima ililetwa na makampuni ya Waingereza, na ya Wahindi wa Afrika Mashariki pia. Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937. Iliwafikia wenye magodauni, mashamba ya mkonge na maduka makubwa ya mjini. Shirika la Bima la Taifa likaundwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, biashara yote ya bima ikawekwa mikononi mwake, na Zanzibar ikaunda shirika lake mwaka 1969. Kwa karibu miaka 30 Tanzania Bara ilikuwa na mlango mmoja wa kukata bima, na mlango huohuo ndio wa kudai fidia. Mzee anakitaja kipindi hicho kwa fahari, kwani hapo ndipo kijana wa Kirangi alipopelekwa kusomea kazi ambayo awali ilikuwa ya wageni. Hata hivyo anakubali kwamba mwenye mali hakuwa na pa kukimbilia asiporidhika na hesabu. Sheria ya Bima Namba 18 ya mwaka 1996 ikafungua soko kwa makampuni binafsi, na pamoja nayo wakaja wakadiriaji wa kujitegemea.

Mmoja wao ndiye aliyefika Kolo.

Mjomba alikata bima mwaka 1999, wakala alipopita na pikipiki akiandikisha wenye maduka. Alikinga bidhaa za shilingi milioni 6. Duka likakua: akaongeza mabati, misumari, kanga, mafuta ya taa. Kila mwaka alilipa ada ileile, kwa kiwango kilekile, na hakuna aliyemwambia kwamba kiwango nacho kinatakiwa kukua. Usiku duka lilipoungua, majirani waliokoa walichoweza kwa ndoo na mchanga. Daftari la mali na risiti vilikuwa kwenye droo ya kaunta, na vikaungua pamoja na kaunta.

Ripoti ya mkadiria ilikuja baada ya wiki kadhaa, kwa Kiingereza. Mjomba akampelekea Mzee, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwake Kondoa. Nilikuwepo Mzee alipoivaa miwani. Aliisoma mara mbili kimya, kisha akaomba kalamu na karatasi.

Ripoti ilisema bidhaa zote zilizokuwa dukani kabla ya moto zilifikia milioni 12. Kwa kuwa bima ilikuwa ya milioni 6, mwenye mali alihesabiwa kuwa amejikinga nusu tu, na nusu nyingine ameibeba mwenyewe. Hicho ndicho wana bima wanakiita kipengele cha wastani, nacho kimo karibu kila hati ya bima ya moto: ukikinga nusu ya mali, unalipwa nusu ya hasara, hata kama hasara yenyewe ni ndogo kuliko kiasi ulichokatia bima. Mpaka hapo Mzee hakuwa na ubishi. Alichopiga mstari ni ukurasa uliofuata. Bidhaa zilizoungua zilikadiriwa kuwa za milioni 5 tu, kwa maelezo kwamba mdai hana risiti za zaidi ya hapo. Nusu ya 5 ni 2.5. Hiyo ndiyo fidia.

Mali ilipohesabiwa ili kuona kama bima ilitosha, ilionekana nyingi. Ilipohesabiwa ili kuona kilichoteketea, ikawa chache, ilhali duka ni lilelile. Simtuhumu mkadiria kwa wizi. Pengine aliandika alichoweza kukithibitisha. Lakini alipotaka ile milioni 12 hakudai risiti; alikisia kwa ukubwa wa rafu na maneno ya mjomba mwenyewe, aliyetaja wingi wa mali yake kwa uchungu bila kujua kila anachotaja kinampunguzia.

Kazi iliyofuata ndiyo hasa kazi ya mkadiria wa mwenye mali. Mzee alimtuma mjomba kwa wauzaji wa jumla, Babati na Arusha, akanakili ankara zake kutoka kwenye vitabu vyao. Alimwita dereva wa lori aliyeshusha mabati mwezi mmoja kabla ya moto. Akachora ramani ya duka, rafu kwa rafu, akaandika kilichokaa wapi. Kisha akatunga barua ya kurasa mbili, isiyo na tusi hata moja. Baada ya miezi mitatu kampuni ilikubali kwamba kilichoungua kilikuwa cha milioni 7.6. Wastani ulibaki palepale, kwa kuwa ni mkataba. Mjomba alilipwa milioni 3.8. Tofauti ya milioni 1.3 ilitokana na ankara zilizokuwepo tangu mwanzo. Hakuwepo tu mtu aliyelipwa kuzitafuta. Mzee alikataa fedha, akapokea beberu.

Nalisema hili kwa uzito: msaada wa Mzee ulikuwa wa ujirani, na ujirani hauwezi kuwa utaratibu wa nchi. Si kila anayejitokeza baada ya moto ni mtu kama yeye. Vishoka nao hufika, wakiahidi kulifuatilia dai kwa fedha ya mbele, na mwenye hasara anaumia mara ya pili. Ndiyo maana leseni ina maana. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo hutoa leseni kwa wakadiria hasara kama inavyotoa kwa madalali na mawakala. Sheria hiyohiyo ilileta Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na siku hizi kampuni inapaswa kulipa ndani ya siku 45 tangu nyaraka zikamilike. Mwaka 2003 mjomba hakuwa na chochote kati ya hivyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na mwaka uliofuata sheria ikafanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara. Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang liliingia Katesh, si mbali na kwetu Kolo, likaua watu na kufunika nyumba na maduka. Kwa yeyote aliyekuwa na bima siku ile, swali la San Francisco lilikuwa mlangoni kwake: haya ni mafuriko au ni maporomoko ya ardhi? Hati hutofautisha.

Bima ikishakuwa ya lazima, basi hesabu ya hasara nayo ni jambo la umma. Hata hivyo wakadiriaji wengi wenye leseni wana ofisi Dar es Salaam, na mwenye duka wa Kolo, Bereko au Haubi hukutana nao tu wakiwa wametumwa na kampuni. Hajui kama anaruhusiwa kumtafuta wake.

Makao makuu ya TIRA sasa yako Dodoma, barabara moja ya lami kutoka ulipokuwa ukuta wa mjomba. Ombi langu kwao ni moja. Kila hati ya bima ya moto iwe na ukurasa wa mbele wa Kiswahili unaosema mambo matatu: kiwango cha bima kipitiwe kila mwaka; nakala ya daftari la mali itunzwe nje ya duka; na mwenye mali asiyeridhika na hesabu anaweza kumleta mkadiria wake mwenye leseni, au kulipeleka lalamiko lake kwa Msuluhishi.