Reli ya Kale, Chanzo Chake Mombasa

Reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa kwetu Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Takriban 2,500 walikufa, baadhi wakiliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Nairobi ilizaliwa njiani mwaka 1899. Kwa miaka mingi njia hiyo, yenye upana wa mita moja, iliteremsha pamba na kahawa ya bara hadi Kilindini. Mwaka 2018 shehena zikaanza kupakiwa SGR. Makumbusho ya reli yako Nairobi tangu 1971. Je, Mombasa, ilikoanzia safari, wajukuu wetu tutawaonyesha nini? Mali bila daftari hupotea bila habari.