Kutoka Maji hadi Maji: Ihumwa na Njia za Ugogo

Mtu anayetaka kutembea ufukweni, baa moja nyuma yake na nyingine mbele, Ihumwa haimfai. Kata hii iko mashariki ya jiji la Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini. Lakini Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Ihumwa, nayo ilikuwa na mwendo wake wa kutoka kinywaji hadi kinywaji, na katika karne ya 19 misafara mingi iliyoondoka Bagamoyo ikielekea Tabora iliupita.

Mwendo huo ulianzia Chunyo, karibu na Mpwapwa. Maji ya hapo yalikuwa na magadi, machungu, na ndiyo yaliyoipa nyika iliyofuata jina lake: Marenga Mkali, yaani maji makali. Kutoka hapo hadi Mvumi ni zaidi ya kilomita 40 za miiba na mchanga, bila kisima cha kutegemea. Wapagazi walikuwa na mbinu yao, waliyoiita tirikeza. Walikula na kujaza vibuyu asubuhi, wakaondoka jua la adhuhuri likiwaka, wakatembea mpaka giza likaingia. Walilala bila kupika, na kabla ya alfajiri kirangozi, kiongozi wa msafara, alikwishainua bendera yake. Aliyemaliza kibuyu chake usiku alijuta mwenyewe.

Ndiyo maana Mvumi ilionekana kama peponi. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, alikuta watu wakileta sokoni maziwa, asali, samli, mtama, uwele, karanga, maboga na matikiti. Pombe nayo haikukosekana Ugogo, hasa baada ya mavuno. Mtama hulowekwa mpaka uchipue, kimea hicho hukaushwa na kusagwa, kikapikwa na kuachwa kichachuke, kisha huchujwa. Kinachotoka ni kizito, chenye rangi ya udongo, nusu chakula nusu kinywaji. Mtu aliyebeba mzigo wa ratili 70 hakuhitaji kubembelezwa.

Kabla ya yote hayo lakini, kulikuwa na hongo. Watemi wa Wagogo walidai vitambaa, doti kwa doti, na msafara haukuchota maji wala kuendelea mpaka wakubaliane. Wazungu waliopita waliandika kwa hasira, wakiwaita wanyang'anyi. Mimi sioni unyang'anyi. Visima vingi vya Ugogo vilichimbwa kwa mikono katika mchanga wa mito mikavu, na msafara wa watu mia tatu pamoja na punda wao ungeweza kukausha kwa siku moja maji ambayo kijiji na ng'ombe wake walitegemea kuyanywa mpaka masika. Watemi walijua pia kwamba mgeni hana pa kukimbilia: nyuma yake Marenga Mkali, mbele, upande wa magharibi, Mgunda Mkali. Mwenye kisima katikati ya nyika mbili alikuwa na haki ya kutaja bei.

Njia hiyo ya Mvumi ilipita kusini ya Ihumwa. Aliyeisogeza kaskazini alikuwa Mjerumani na reli yake, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma mwaka 1910. Ihumwa ikapata stesheni, Mvumi ikabaki pembeni. Miaka saba baadaye Wagogo walikumbwa na Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Ukame ulichangia, ila majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamekwisha chukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Watu wapatao 30,000 walikufa. Wazee waliowahi kupokea hongo walijua bei ya maji. Safari hii hakuna aliyewalipa.

Siku hizi njia zimerundikana upande wa Ihumwa. Barabara ya Morogoro inapita hapa; jirani, Mtumba, Mji wa Serikali ulizinduliwa Aprili 2019; na treni za abiria za reli ya kisasa zilianza kufika Dodoma Julai 2024. Ihumwa pia ndiko kwenye bandari kavu, ya kupokea makontena yanayoletwa na reli kutoka pwani. Bandari bila maji, utani ambao wapagazi wa zamani wangeuelewa haraka.

Jioni unaweza kutembea kando ya barabara kutoka baa moja ya nyama choma hadi nyingine, bila kibuyu. Kando ya bia za chupa utakuta mara nyingine mvinyo wa Dodoma. Zabibu zake zilianza kupandwa na wamisionari Bihawana, kituo kimojawapo ambako misafara ilipiga kambi baada ya Mvumi, na jua lilelile lililowachoma wapagazi linazikomaza mara mbili kwa mwaka.