Sanduku Namba 13

Mjomba wangu bado ana fomu za kura za mchujo alizoshindwa, ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati. Rufaa yake ilisikilizwa na kutupwa mchana mmoja. Karatasi za kura zilikuwa zikisubiri kuchapishwa. Nilipoanza shahada ya uzamili nilitafuta wenzake katika historia, nikampata Coke Stevenson wa Texas.

Mwaka 1948 Lyndon Johnson alimshinda katika mchujo wa chama cha Democratic kwa kura 87 kati ya karibu milioni moja. Siku kadhaa baada ya uchaguzi, hesabu ya sanduku namba 13 mjini Alice ilibadilika: kura 765 za Johnson zikawa 965. Saba hugeuka tisa kwa mpindo mmoja wa kalamu. Majina yaliyoongezwa yalifuatana kwa alfabeti, kana kwamba watu walijipanga foleni hivyo!

Jaji wa shirikisho huko Texas alizuia jina la Johnson lisichapishwe, akaagiza uchunguzi. Mawakili wakakimbilia Washington. Mwishoni mwa Septemba, Jaji Hugo Black wa Mahakama ya Juu, akiwa peke yake, alisimamisha amri hiyo: mahakama za shirikisho hazikuwa na mamlaka juu ya uchaguzi wa jimbo. Kule Alice masanduku yalikuwa yameanza kufunguliwa. Kazi ikakatishwa.

Kisheria, nadhani Black hakukosea, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Nilimsimulia mjomba kwa simu. Habari za mamlaka hazikumshughulisha. Aliuliza yalikuwa yamebaki masanduku mangapi.