Hugo Pratt na Vita vya Pwani Yetu

Nje ya Fort Jesus, kwenye ukingo wa Mji wa Kale wa Mombasa, umewekwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari hiyo iliipiga Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga Unguja, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kuelemewa na mashambulizi, mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa barani na kupigana upya, safari hii nchi kavu.

Huenda wasomaji wengi wa Ulaya walilisikia jina la Rufiji kwa mara ya kwanza katika kitabu cha katuni. Mtunzi wake alikuwa Mwitaliano Hugo Pratt, na maisha yake yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Pratt alizaliwa karibu na Rimini mwaka 1927, akalelewa Venezia. Mwaka 1937 mama yake alimpeleka Ethiopia kumfuata baba, aliyekuwa askari katika jeshi la uvamizi la Mussolini. Mtoto huyo alikulia upande wa wavamizi, na akaonja pia kushindwa kwao. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, mengine yakiwa yamepitia bandari ya Mombasa na kuvuka Kenya, yaliuangusha utawala wa Waitaliano. Baba yake alitekwa, akafia kifungoni. Hugo na mama yake waliwekwa kambini Dire Dawa hadi waliporudishwa Italia mwaka 1943.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha alianza kazi ya uchoraji akiwa Venezia, kisha akahamia Argentina, ambako alifanya kazi na mtunzi Héctor Oesterheld. Huko ndiko alikobuni *Anna nella giungla*, hadithi ya msichana katika Afrika Mashariki ya Waingereza. Mwaka 1967, akiwa amerudi Italia, alimleta Corto Maltese, baharia asiye na bendera ya kuitumikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimfikisha Yemen, Pembe ya Afrika, na mwishowe Rufiji ya mwaka 1918, katika hadithi ziitwazo *Le Etiopiche*.

Ubora wa Pratt ni kwamba hakuwaacha Waafrika wawe kivuli tu nyuma ya Mzungu. Cush, mpiganaji Mwislamu katika hadithi hizo, ana msimamo wake na humjibu Corto uso kwa uso. Dola zinazogombania ardhi za watu hazipewi sifa ya ushujaa. Naamini mafunzo hayo aliyapata utotoni, alipoiona dola ya baba yake ikiporomoka.

Hata hivyo, Rufiji yake ina kasoro kubwa. Aliijaza watu-chui wa chama cha siri, simulizi zenye asili ya Afrika Magharibi na misitu ya Kongo. Wenyeji wa delta ile walikuwa na kisa chao cha kweli, tena kizito kuliko hicho: njaa, maradhi, na kulazimishwa kubeba mizigo ya jeshi. Wapagazi waliokufa Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Kasoro hiyo haitafutwa kwa kumlaumu marehemu, aliyefariki Uswisi mwaka 1995. Itafutwa kwa kazi yetu. Uwezo tunao: miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulichapishwa Kenya, Terry Hirst na Frank Odoi wakazigeuza ngano za makabila yetu kuwa picha zilizopendwa na vijana. Makumbusho yetu, waandishi na wachoraji wa Mombasa wakishirikiana, wanaweza kuanza na kitabu cha katuni kuhusu maisha ya mpagazi mmoja wa Pwani, tangu siku aliyochukuliwa kijijini kwake. Kiandikwe kwa Kiswahili, na bei yake iwe ile ambayo mwanafunzi ataimudu.