Kichuguu na Tofali katika Historia ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910; mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa. Tangu hapo historia yake husimuliwa kwa shaba, mara chache kwa udongo. Hata hivyo, kuta nyingi za mji huo zimetokana na vichuguu vikubwa vya msitu wa miombo. Udongo wake wa mfinyanzi hukandwa, matofali yakafyatuliwa kwa kalibu, yakaanikwa, kisha yakachomwa kwa kuni.

Katika tofali hilo elimu tatu hukutana. Mjuzi wa ujenzi hupima uimara wake. Mjuzi wa jamii huuliza ni nani apataye riziki kwalo. Mjuzi wa mazingira huhesabu miti iliyokatwa.

Utafiti wa kaboni uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kichuguu kimoja cha Katanga kilikuwa na umri upatao miaka 2000. Mchwa walikijenga kwa karne nyingi. Jembe hukimaliza kwa muda mfupi. Haja ya makazi haikanushiki, lakini kila kichuguu kibomolewacho kabla ya kuchunguzwa ni kumbukumbu ya nchi iliyopotea bila kusomwa.